Mita Tatu

Walimleta kwa gari la posta,
kwa kuwa gari la hifadhi lilikwama kwenye theluji
kabla ya kufika Sejny,
na Wincenty, tarishi, alisema tu: pakieni,
barua hazina haraka.

Mnyororo ulikuwa umekatwa. Pete ya mwisho bado:
ilizama shingoni, nyama ikaifunika
kama pete ya ndoa kwenye kidole cha mjane aliyenenepa.
Daktari wa mifugo aliitoa kwa dakika arobaini.
Mbwa hakutoa hata mguno,
na Bogumiła, aliyekishika kichwa chake,
akaona afadhali angeng'ata.

Mguu wa nyuma uliwahi kuvunjika, ukaunga wenyewe, vibaya.
Meno mawili hayapo. Kwenye daftari wakaandika:
dume, kahawia, miaka saba au kumi na mmoja.
Jina: nafasi tupu.

Asubuhi wakamfungulia uwanja,
ekari mbili za theluji isiyokanyagwa,
misonobari kwa mbali.
Akatoka. Akaenda mita tatu.
Akasimama ghafla, shingo ikarudi nyuma
kama aliyevutwa,
akageukia kushoto, akaanza kuzunguka.

Akazunguka.
Adhuhuri palikuwa na duara la tope katika weupe ule,
kamili, kama lililochorwa kwa bikari,
na katikati, mahali pa kigingi,
hapakuwa na kigingi.
Kigingi alikuja nacho.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka
akiona unyasi hushtuka.
Hawakusema lolote
kuhusu asiyeshtuka tena.

Mwenyewe, kule kijijini, aliwaambia polisi:
nilimlisha kila siku. Ni kweli, alimlisha.
Akaongeza: ni mbwa tu.
Katika lugha hii ninayoandikia, jina hilo ni tusi;
ukimwita mtu hivyo, jiandae kwa ngumi.
Lakini sarufi, ambayo haikukusudia huruma,
imemweka ngeli moja na bwana wake:
huyu amefunga, huyu amefungwa,
huyu analala ndani, huyu analala nje,
na kiambishi ni kilekile.

Bogumiła hakumwita. Hakumnyooshea mkono.
Aligeuza ndoo, akaikalia, mita moja nje ya duara,
akamsomea kitabu cha maelekezo ya trekta:
kubadilisha oili, kukaza mkanda wa feni,
usiwashe injini milango ya banda ikiwa imefungwa.
Sauti isiyotaka kitu.
Siku thelathini na sita. Kitabu kikiisha
anarudi mwanzo.

Machi theluji ikalainika
na yule mzee akaja, kwa miguu, kwapani
bakuli la bati lenye ukingo uliotafunwa.
Akasimama langoni. Hakusema samahani.
Alisema: hili ni lake.

Mkia, ambao wote walidhani umekufa,
ukatikisika. Mara moja. Tena.
Na mbwa akauvuka mstari,
mita nne, mita sita, kumi,
akaipita ndoo bila kuitazama,
anamwendea yeye.

Lango halikufunguliwa. Bogumiła alipokea bakuli juu ya ua,
akashukuru, kwa kuwa alilelewa kushukuru,
na mzee akashika njia ya kurudi
akiitazama mikono yake
kana kwamba kuna mtu amemrudishia.

Usiku ule daftari lilikaa wazi hadi chai ikapoa.
Aandike nini? Amepona? Amerudi kulekule?
Akaandika: Leo, mita kumi na nne.
Kisha pembeni, kwa herufi ndogo:
hakuwa anakuja kwangu.

Kulipokucha akaichukua ndoo,
akahesabu hatua,
akaigeuza kwenye mita ya kumi na tano,
akafungua ukurasa wa oili.